Vibali vya kufuga simba na chui Marekani: Nani huruhusiwa, na kwa masharti gani?

SIMBA, chui, kiboko, nyati na mbwa mwitu wa Afrika ni wanyama ambao wakazi wa Afrika Mashariki huwahesabu kuwa wa nyumbani. Katika vitabu vya sheria vya Marekani, wanyama haohao huorodheshwa kuwa wa kigeni na wa hatari, na taasisi yoyote inayotaka kuwaweka hulazimika kwanza kuonyesha kuwa inastahili kupewa kibali.

Kwa miaka mingi masharti hayo yalikuwa legelege katika majimbo kadhaa. Mtu aliyekuwa na fedha na shamba aliweza kununua mtoto wa simba kama anavyonunua ndama, akamfuga nyuma ya nyumba yake pasipo ofisi yoyote ya serikali kufahamu. Hali hiyo ilibadilika hatua kwa hatua, na tukio moja la mwaka 2011 ndilo lililochangia zaidi mabadiliko hayo.

Makala haya yanaeleza jinsi vibali hivyo vinavyofanya kazi, taasisi zinazoruhusiwa, masharti yanayowekwa, na sababu ya mambo hayo kuwahusu pia watu wa nchi walikotoka wanyama wenyewe.

Mkasa wa Zanesville

Jioni ya Oktoba 18, 2011, mmiliki wa shamba moja nje kidogo ya mji wa Zanesville, katika jimbo la Ohio, alifungua vizimba vya wanyama wake kisha akajiua kwa risasi. Shambani hapo palikuwa na wanyama 56, na karibu 50 kati yao walitoka. Miongoni mwao walikuwamo simbamarara 18, simba 17, dubu, puma na mbwa mwitu.

Giza lilikuwa linaingia, na shamba hilo lilikuwa jirani na makazi ya watu pamoja na barabara kuu. Polisi wa eneo hilo hawakuwa na bunduki za sindano za usingizi wala mafunzo ya kukabiliana na wanyama wa namna hiyo. Waliamriwa kuua kila mnyama aliyeonekana kuelekea nje ya shamba. Kesho yake shule zilifungwa, na mabango ya barabarani yaliwaonya madereva wasitoke ndani ya magari yao.

Jaribio la kumlaza simbamarara mmoja kwa sindano halikufaulu. Mnyama huyo alipandwa na hasira badala ya kulala, naye akapigwa risasi. Kazi ilipokwisha, karibu wanyama 50 walikuwa wamekufa. Hakuna raia aliyejeruhiwa.

Wanyama sita waliosalimika walipelekwa katika bustani ya wanyama ya mji wa Columbus. Chui mmoja alifia huko Januari 2012. Watano waliobaki walirudishwa kwa mjane wa mmiliki Mei mwaka huohuo, kwa kuwa wakati huo hapakuwapo sheria ya jimbo iliyompa mtu yeyote mamlaka ya kuendelea kuwazuia.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililowashangaza wengi. Mmiliki huyo aliwahi kutiwa hatiani kwa ukatili dhidi ya wanyama mwaka 2005. Mwanzoni mwa 2011, gavana aliyekuwa akiondoka madarakani, Ted Strickland, alitoa amri ya dharura ya kuwakataza watu wenye makosa ya aina hiyo kumiliki wanyama hatari. Amri hiyo ilikoma miezi michache baadaye bila kuongezwa muda. Ohio ikabaki haina kibali cha kumnyang'anya mtu, kwa sababu haikuwa na kibali cha kumpa.

Ohio yaandika upya sheria yake

Juni 2012, Gavana John Kasich alitia saini sheria mpya ya wanyama hatari wa mwituni, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo. Orodha yake humkumbusha msomaji mbuga za Afrika Mashariki: simba, chui, duma, fisi, tembo, faru, kiboko, nyati, mamba na mbwa mwitu wa Afrika. Kuna pia simbamarara, jagwa, dubu, joka la Komodo na jamii kadhaa za nyani.

Sheria hiyo ilipiga marufuku kupata mnyama mpya wa aina hizo. Waliokuwa nao tayari walipewa hadi Novemba 2012 kuwaandikisha, na hadi Januari 1, 2014 kupata kibali. Asiyekuwa na kibali baada ya tarehe hiyo hakuruhusiwa tena kubaki na mnyama.

Kibali hakitolewi kwa kulipa ada peke yake. Mwombaji huchunguzwa kama ana rekodi ya uhalifu, na hutakiwa kuthibitisha ujuzi wake wa kutunza mnyama anayemwombea. Kila mnyama huwekewa chini ya ngozi chipu ndogo ya utambulisho ili ajulikane akitoroka au akiuzwa kinyemela. Mabango ya tahadhari hubandikwa kwenye vizimba na malangoni, na kuwapo mpango wa maandishi unaoeleza hatua za kuchukua mnyama akitoka. Akitoroka, mwenye kibali hutakiwa kutoa taarifa mara moja.

Sharti lililowalemea wengi zaidi ni la fedha. Mwenye wanyama wasiozidi watano alitakiwa kuwa na bima au dhamana ya dola 250,000. Mwenye wanyama 6 hadi 15 alitakiwa kuwa na ya dola 500,000, na aliyezidisha hapo, dola milioni 1. Mantiki yake ni kwamba hasara inayoweza kusababishwa na simba haipaswi kubebwa na jirani wala na mlipa kodi.

Sheria hiyo iliziondoa baadhi ya taasisi katika wajibu wa kuomba kibali cha jimbo. Hizo ni bustani za wanyama zilizoidhinishwa na mojawapo ya vyama viwili vya taaluma hiyo nchini, vituo vya utafiti vinavyosimamiwa na sheria ya taifa, madaktari wa mifugo wanaotibu wanyama hao, na vituo vya makimbilio vinavyotimiza vigezo maalumu.

Baadhi ya wamiliki walikwenda mahakamani. Walidai kuwa wanalazimishwa kujiunga na vyama wasivyovitaka ili tu wanusurike na masharti, na kwamba chipu ni uingiliaji wa mali yao. Machi 2014 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilitupilia mbali hoja hizo. Ilieleza kuwa kujiunga na chama ni njia mojawapo kati ya kadhaa, na kwamba asiyetaka chama anaweza kuomba kibali cha kawaida.

Ngazi tatu za udhibiti

Ili kuelewa jinsi taasisi inavyopata ruhusa, ni lazima kufahamu kuwa Marekani ina ngazi tatu za udhibiti: serikali ya shirikisho, jimbo, na mamlaka ya mji au wilaya. Kibali cha ngazi moja hakifuti wajibu wa ngazi nyingine. Bustani inaweza kuwa na leseni ya taifa, kisha ikazuiwa na kanuni ya mji kuweka tembo ndani ya mipaka yake.

Katika ngazi ya taifa, sheria ya msingi ni ile ya ustawi wa wanyama ya mwaka 1966, iliyopanuliwa mwaka 1970 ili kuwahusu pia wanaoonyesha wanyama kwa umma. Husimamiwa na Wizara ya Kilimo. Bustani ya wanyama, sarakasi au mtu anayetoza kiingilio watu wamwone simba wake, wote huhitaji leseni ya waonyeshaji.

Mwenye leseni hutakiwa kuwa na daktari wa mifugo chini ya mpango ulioandikwa, kutunza kumbukumbu za kila mnyama aliyeingia na aliyetoka, na kuwaruhusu wakaguzi wanaofika bila kutoa taarifa. Wanyama wa hatari wanaowekwa nje huhitaji uzio wa pili kuzunguka eneo lote, wenye kimo kisichopungua futi 8, yaani kama mita 2.4, na uliojengwa angalau futi 3 kutoka kwenye kizimba chenyewe. Uzio huo una kazi mbili: kumchelewesha mnyama aliyetoka kizimbani na kumzuia mpita njia asifikie nondo za kizimba.

Kwa muda mrefu leseni hiyo ilihuishwa kila mwaka kwa kulipa ada na kujaza fomu, hata kwa waliokuwa na makosa yaliyorekodiwa. Kanuni zilizotolewa mwaka 2020 zilibadilisha utaratibu huo. Leseni sasa hudumu miaka mitatu, kisha hufa. Anayetaka kuendelea huomba upya na kukaguliwa kabla ya kupewa nyingine.

Majimbo huongeza masharti yao juu ya hayo. Florida, kwa mfano, hugawa wanyama katika madaraja matatu. Daraja la kwanza lina simba, simbamarara, tembo, sokwe na wengineo, na hawaruhusiwi kufugwa kama wanyama wa kujifurahisha nyumbani. Mwombaji wa kibali cha daraja hilo hutakiwa kuthibitisha kuwa amefanya kazi na wanyama wa jamii hiyo kwa saa zisizopungua 1,000, katika muda usiopungua mwaka mmoja. Kusoma vitabu au kuwapenda wanyama tangu utotoni hakuhesabiwi.

California nayo inafahamika kwa ukali wake. Orodha yake ya wanyama waliozuiwa haiishii kwa wakali, bali humjumuisha hata nungunungu mdogo anayeuzwa madukani katika majimbo mengine. Vibali vyake hutolewa kwa madhumuni maalumu kama utafiti, elimu na maonyesho, wala si kwa ajili ya kufuga nyumbani.

Sheria ya paka wakubwa

Pamoja na sheria zote hizo, palibaki pengo moja kubwa. Mtu aliyefuga simbamarara bila kumwonyesha kwa malipo hakuhitaji leseni ya Wizara ya Kilimo, na kama jimbo lake halikuwa na sheria, hakuulizwa na yeyote. Hapakuwapo daftari la taifa la wanyama hao. Kikosi cha zimamoto kiliweza kufika kwenye nyumba inayoungua kikakuta chui ndani.

Pengo la pili lilikuwa biashara ya kuwashikisha watu watoto wa simba na simbamarara. Wageni walilipa ili wapigwe picha wakiwa wamewapakata. Mtoto wa simbamarara hufaa kwa kazi hiyo wiki chache tu, kwani akifikisha miezi mitatu hivi huwa na nguvu na meno ya kumdhuru mtu. Hivyo biashara hiyo ilihitaji watoto wapya kila wakati, na ikazalisha wanyama wakubwa wasio na pa kwenda. Walikula nyama nyingi kila siku na hawakuingiza tena fedha.

Jambo hilo lilipata umaarufu duniani mwaka 2020 kupitia filamu ya mfululizo ya "Tiger King", iliyomhusu mmiliki wa bustani binafsi ya Oklahoma ajulikanaye kama Joe Exotic. Kabla ya filamu hiyo kutoka, alikuwa ameshatiwa hatiani kwa kupanga mauaji ya hasimu wake na pia kwa makosa ya wanyamapori, yakiwamo ya kuwaua kwa risasi simbamarara watano mwaka 2017.

Desemba 20, 2022, Rais Joe Biden alitia saini sheria ya usalama wa umma dhidi ya paka wakubwa. Inahusu simba, simbamarara, chui, chui wa theluji, chui wa madoa ya mawingu, jagwa, duma na puma, pamoja na machotara wao. Watu binafsi wamekatazwa kuwazalisha, kuwanunua, kuwauza au kuwamiliki. Waliokuwa nao kabla ya sheria waliruhusiwa kubaki nao iwapo wangewaandikisha kabla ya tarehe 18 Juni 2023, bila kuwazalisha wala kuwaruhusu watu wa nje kuwagusa.

Taasisi zilizoachiwa nafasi ni chache na zimetajwa: waonyeshaji wenye leseni ya Wizara ya Kilimo, vyuo vikuu na mamlaka za majimbo, madaktari wa mifugo wenye leseni, na vituo vya makimbilio visivyo vya biashara. Makimbilio yanayotambuliwa ni yale yasiyonunua wala kuuza wanyama, yasiyowazalisha, yasiyowatoa nje kwa maonyesho na yasiyoruhusu umma kuwagusa.

Hata mwenye leseni haruhusiwi kumkaribisha mgeni amguse mnyama, awe mkubwa au mchanga. Wakati wa maonyesho ni lazima kuwe na umbali wa angalau futi 15, yaani kama mita 4.6, au kizuizi cha kudumu kati ya mnyama na watazamaji. Anayekiuka hukabiliwa na faini ya hadi dola 20,000, kifungo cha hadi miaka mitano, au vyote viwili.

Mlango wa nchi

Kabla mnyama hajafika kizimbani Ohio au Florida, huenda alivuka mpaka. Hapo huingia mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975. Kenya na Tanzania ni wanachama wake.

Mkataba huo hugawa viumbe katika orodha. Walio katika orodha ya kwanza, kama duma, huhitaji vibali viwili: cha nchi anakotoka na cha nchi anakokwenda. Kabla ya kutoa kibali cha kuingiza, nchi inayopokea hutakiwa kujiridhisha kuwa mpokeaji ana mahali na uwezo wa kumtunza mnyama huyo, na kuwa hatatumika kwa biashara kama lengo kuu. Kwa hiyo sifa za taasisi huchunguzwa hata kabla ya ndege kuruka.

Mfano wa wazi ni wa tembo wa Swaziland, nchi ambayo sasa huitwa Eswatini. Bustani tatu za wanyama za Marekani, za Dallas, Wichita na Omaha, ziliomba kuingiza tembo kutoka huko zikieleza kuwa ukame na upungufu wa nafasi viliwaweka wanyama hao hatarini. Watetezi wa wanyama walipinga na kufungua kesi. Kibali kilitolewa mapema mwaka 2016, na Machi mwaka huo tembo 17 walisafirishwa kwa ndege. Miaka mitatu baadaye, mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Geneva mwaka 2019 ulibana zaidi masharti ya kuwatoa tembo wa mwituni nje ya maeneo yao ya asili.

Vibali huwa na maana pale tu pande zote mbili zinapovikagua. Watanzania wanakumbuka tukio la Novemba 2010, ambapo zaidi ya wanyama na ndege 100, wakiwamo twiga, walisafirishwa kutoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro kwenda Qatar. Mahakama mjini Moshi ilimtia hatiani mshtakiwa mkuu mwaka 2014, akiwa amekwishatoroka. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi.

Kinyonga wa Kenya visiwani Hawaii

Si kila mnyama anayezuiwa ana makucha. Jimbo la Hawaii, ambalo ni visiwa katikati ya Bahari ya Pasifiki, lina masharti makali kuliko majimbo karibu yote ya Marekani, na hofu yake kubwa ni juu ya wanyama wanaoweza kuzaliana porini.

Mkasa wake mmoja una chimbuko Afrika Mashariki. Mwaka 1972 kinyonga wa pembe tatu kutoka nyanda za juu za Kenya waliingizwa katika kisiwa cha Oahu kwa ajili ya biashara ya wanyama wa kufugwa. Walifika wakiwa wamedhoofika, wakaachwa bustanini ili wapate nguvu. Walipata nguvu, wakatoroka. Leo wameenea katika visiwa kadhaa, na miongoni mwa wanaowala ni konokono na wadudu wa asili wasiopatikana kwingine duniani. Ni kosa kuwahamisha kutoka kisiwa kimoja hadi kingine.

Somo jingine lilitoka katika kisiwa cha Guam, ambako nyoka wa miti wa rangi ya kahawia aliingia muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili na kuwamaliza karibu ndege wote wa asili wa msituni. Hawaii, isiyo na nyoka wa asili wa nchi kavu, huogopa kufikwa na jambo hilohilo. Kuwa na nyoka kinyume cha sheria huko kunaweza kumgharimu mtu faini ya hadi dola 200,000 na kifungo cha miaka mitatu.

Jimbo hilo hutumia orodha tatu. Ya kwanza ni ya wanyama wanaoruhusiwa kwa masharti, ya pili ya waliozuiliwa, na ya tatu ya waliopigwa marufuku. Baadhi ya walio katika orodha ya waliozuiliwa hawapewi mtu wa kuwafuga nyumbani. Huruhusiwa kwa madhumuni kama utafiti na maonyesho ya bustani za wanyama, kwa kibali kinachotaja mahali watakapowekwa na jinsi watakavyolindwa. Mwenye mnyama haramu anaweza kumsalimisha kwa hiari bila kushtakiwa, iwapo atafanya hivyo kabla uchunguzi haujaanza.

Serikali ya shirikisho hutumia fikra hiyohiyo kwa wanyama iliowatangaza kuwa waharibifu. Mwaka 2012 ilimwingiza chatu wa Afrika katika orodha hiyo, pamoja na chatu wa Burma ambaye amesambaa katika mabwawa ya Everglades, Florida. Kumwingiza nchini kunahitaji kibali kinachotolewa kwa ajili ya elimu, tiba, sayansi au bustani za wanyama tu.

Ghuba nayo yabadilika

Mjadala huu haukuishia Marekani. Katika nchi za Ghuba, ambako wanaishi na kufanya kazi wazungumzaji wengi wa Kiswahili, duma na simba walikuwa alama ya utajiri, wakipandishwa kwenye magari ya kifahari na kupigwa picha. Duma wengi wa biashara hiyo walitoroshwa wakiwa wachanga kutoka Pembe ya Afrika kwa njia ya bahari, na wengi walikufa kabla ya kufika. Hasara hiyo ni kubwa kwa mnyama ambaye idadi yake porini inakadiriwa kuwa takriban 7,000 tu duniani kote.

Umoja wa Falme za Kiarabu ulipitisha sheria mwaka 2016 kuwakataza watu binafsi kumiliki au kufanya biashara ya wanyama hatari. Wanaoruhusiwa ni bustani za wanyama, hifadhi, sarakasi, na vituo vya uzalishaji na utafiti. Anayemtembeza duma au chui hadharani hukabiliwa na kifungo cha hadi miezi sita na faini inayoweza kufika dirham 500,000.

Gharama ya sheria

Wapo wanaozikosoa sheria hizi kwa hoja nzito. Wamiliki wadogo husema kuwa bima ya maelfu ya dola huwaangusha hata waliowatunza wanyama vizuri kwa miaka mingi, huku taasisi kubwa zikipita bila shida. Wengine hudai kuwa katazo la ghafla humfanya mwenye mnyama amfiche au amuue, badala ya kumwandikisha.

Hoja hiyo ndiyo iliyowafanya watunga sheria wa Ohio na wa taifa waweke kipindi cha kuandikisha na kuwaachia wamiliki wa zamani wanyama wao hadi wafe. Ohio ilijenga pia kituo cha muda mjini Reynoldsburg cha kuwahifadhi wanyama waliosalimishwa au kukamatwa, kwani katazo lisilo na mahali pa kumpeleka mnyama huishia kwenye bunduki.

Tatizo la nafasi bado lipo. Simba aliyefungiwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, na tembo zaidi ya 50. Makimbilio halali hutegemea michango, na kila mnyama anayepokelewa ni ahadi ya chakula, dawa na mlinzi kwa miongo kadhaa. Mtu aliyenunua mtoto wa simba kwa furaha ya mwezi mmoja huiachia jamii mzigo wa muda mrefu kuliko maisha ya kampuni nyingi.

Ndiyo maana masharti mengi ya kibali, ukiyatazama kwa pamoja, hurejea kwenye maswali yaleyale. Nani atamlisha mnyama huyu fedha zikiisha? Nani ataitwa usiku akitoroka? Nani atalipa akimdhuru mtu, na atapelekwa wapi mwenyewe akifa? Huko Zanesville hapakuwa na ofisi iliyokuwa imewahi kumtaka mwenye shamba ayajibu. Yalijibiwa na polisi waliokuwa zamu usiku huo, wakiwa na bunduki za kawaida tu mikononi.